Uliza Mwalimu: Fomu inauliza tulipokea tableti ngapi, na tableti zenyewe ziko stoo

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, vifaa vya dijitali mashuleni na huo mkakati wa serikali ambao sasa watu wanataka upimwe na uandikwe upya. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake imenigusa sana, nimefundisha shule za msingi huku Pwani miaka mingi kwa hivo mengine nitakayosema ni yale niliyoyaona na macho yangu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi niko kwa bodi ya shule ya msingi huku Kwale, niliingia mwaka jana kama mwakilishi wa wazazi. Tumeletewa fomu tujaze, tunaambiwa ni ya kupima mpango wa dijitali ndo uandikwe mwingine mpya. Inauliza vifaa vingapi tulipokea, tulipokea lini, na kama chumba kina mlango wa chuma. Mwalimu mkuu anataka tujaze tumalize. Lakini mimi najua tableti ziko stoo, na mtoto wangu yuko gredi ya sita hajawahi kushika hata moja. Nikisema si nitaonekana nimemchongea mwalimu mkuu? Niandike nini?*
*Mama wa gredi ya sita, Kwale*

Marahaba mwanangu. Kwanza toa hofu. Kusema kilichoko stoo sio kumchongea mtu, na nitakueleza kwanini mwalimu mkuu wako pengine ndo wa kwanza atakayeshukuru ukilisema vizuri.

Nikukumbushe tulikotoka. Mwaka 2013 hapa Kenya muungano wa kisiasa wa Jubilee waliomba kura kwa ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya kwanza ilipewa kampuni ya India ikafutwa 2014 na bodi inayosikiza malalamiko ya tenda, mambo yakakwama, alafu 2016 mpango ukarudi na jina jipya, laptopu zikawa tableti, na kazi ikaenda kwa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa nje, chini ya Mamlaka ya ICT. Walianza na shule 150 za majaribio, baadaye wakafika shule zaidi ya 21,000 na vifaa zaidi ya milioni moja. Kila shule ilipata tableti za watoto, laptopu za walimu, projekta na seva ndogo ya kuwekea masomo. Na pamoja na hayo stima ilipelekwa shule nyingi sana ambazo hazikuwahi kuona balbu, zingine zikawekewa sola, na hilo mimi nitalisifu mpaka kesho, manake taa imebaki hata pale ambapo tableti imekufa.

Sasa ziangalie hizo namba tena. Shule 21,000, vifaa milioni moja. Zote ni namba za kupeleka. Lori limefika, mwalimu mkuu ametia sahihi, picha imepigwa, basi. Hakuna namba hata moja hapo inayosema mtoto alikishika kile kitu dakika ngapi kwa wiki, au alijua kusoma zaidi baada ya mwaka. Na fomu uliyoletewa inauliza yale yale. Ukiijaza vile ilivyo, itasema shule yenu iko sawa kabisa, na yule anayeandika mkakati mpya atasoma ataona Kwale hakuna shida.

Nikupe picha ya mwaka 2017. Nilikuwa na darasa la kwanza, watoto 62, na tableti zilizokuwa zimeshika chaji asubuhi ile zilikuwa 23. Sababu ni kwamba chumba kilikuwa na soketi mbili tu na ekstensheni moja iliyounguzwa upande mmoja, kwa hivo kuchaji zote ilikuwa kazi ya siku mbili na kuna mtu lazima alale na ufunguo. Kipindi cha watoto wadogo ni nusu saa. Nikifungua kufuli, nikitoa vifaa, nikigawa kimoja kwa watoto wawili watatu, nikingoja viwake, nikimsaidia yule ambaye chake kimefungua ukurasa mwingine, saa nikiiangalia dakika kumi na nane zishaenda. Lakini kulikuwa na msichana mmoja alikuwa anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha, kila siku ya tableti kabla hajagusa kioo anafuta kidole kwa sketi yake mara mbili, pole pole, alafu ndo anagusa. Mtoto ambaye kitabu chake kilikuwa kimejaa mafuta ya mandazi. Zile dakika kumi na mbili zilizobaki alikuwa hapepesi macho. Mpaka leo mtu akiniambia vile vifaa vilikuwa upuzi mtupu namkatalia, kwa sababu nilimuona yule mtoto. Muhula wa tatu chaja zilianza kufa, nikaomba spea, nikaambiwa ningoje, nikangoja mpaka nikahamishwa shule.

Na hii ndo sehemu nataka uishike. Mwalimu mkuu alivipokea vifaa kwa sahihi yake. Kimoja kikiibwa, ataitwa, ataandika maelezo, ataenda polisi, ataulizwa hata na wazazi. Lakini vikikaa stoo miaka mitano havijawashwa, hakuna mtu hata mmoja atakayemuuliza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungefunga. Yeyote angefunga. Mkakati wenyewe ulimfundisha kufunga, na mkakati mpya usipogeuza hapo tutanunua vitu vingine tuvifungie tena. Kwa hivo ukiongea na mwalimu mkuu anzia hapo, mwambie unajua kwanini kufuli liko, na unataka wanaoandika mkakati nao wajue.

Cha kufanya. Ombeni siku moja, wewe, yeye na walimu wawili wa madarasa, mfungue stoo. Hesabuni zilizopo, alafu hesabuni zinazowaka, alafu zile zinazokaa na chaji saa nzima, hizo ni namba tatu tofauti na utashangaa vile zinavyoshuka. Tahadhari hapo, tableti ambayo mgongo umevimba usiichomeke kwa stima kabisa, betri imeharibika inaweza kushika moto, weka pembeni. Betri za aina hii zikiachwa zimeisha kabisa miaka zinakufa zenyewe hata kama hakuna aliyezigusa, zilitakiwa zichajiwe nusu na kuongezwa kila baada ya miezi michache, na hilo ni jambo ambalo kila shule ingefaa kuambiwa siku ile ya lori.

Alafu angalieni masomo yaliyo ndani. Zile nilizofundishia mimi zilikuwa na masomo ya darasa la kwanza na la pili ya mtaala wa zamani wa 8-4-4. Mtaala wa CBC, uliochukua mahali pake, ulianza nchi nzima 2019. Yaani hata kama tableti inawaka vizuri, inawezekana ndani yake kuna darasa ambalo halipo tena. Mtoto wako wa gredi ya sita hana cha kufanya nayo.

Mkimaliza stoo, ulizeni watoto kumi kutoka madarasa tofauti, mara ya mwisho ulishika lini? Andikeni majibu yao kama walivyosema. Alafu jazeni fomu yao vile inavyotaka, na nyuma yake muandike haya yote, na muweke sababu zenyewe, soketi mbili, hakuna spea, hakuna fundi wa karibu, hakuna pesa. Hapo kwa pesa wekeni hesabu. Serikali inapeleka shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, shule ya watoto 400 ni shilingi 568,000, na hiyo ndo ya vitabu, chaki, karatasi za mitihani, maji, stima na kila kitu, na huja kwa mafungu. Aonyeshe mtu ni wapi hapo pa kutoa betri 50. Mkakati ambao hauna mstari wa bajeti wa matengenezo tangu siku ya kwanza, mimi nausoma kama orodha ya kununua tu.

Bodi itie sahihi, mbaki na nakala. Katiba ya 2010 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa, na kuna sheria ya kupata habari ya 2016, kwa hivo baada ya miezi kadhaa mnaweza kuandika barua kuuliza majibu ya shule zote yalisema nini. Msiogope kuuliza.

*Habari mwalimu. Nafundisha Kitui. 2019 serikali ilisema inaachana na tableti za mtoto mmoja mmoja inaenda kwa vyumba vya kompyuta. Sasa tunaulizwa maoni, tuombe kipi? Wenzangu wanataka chumba, mimi sina uhakika.*
*Mwalimu wa junia, Kitui*

Salama mwalimu mwenzangu. Nafurahi kwamba huna uhakika, wengi wanachagua kifaa kabla hawajasema ni somo gani linalowasumbua.

Hili jambo nchi zingine zishalipitia na tungesoma kwao. Peru walinunua laptopu zaidi ya 800,000, wakagawa mpaka vijijini, na benki ya maendeleo ya kule Amerika ikaenda kupima kwa shule 319 za mashambani, 2012 ikatoa ripoti, hesabu na lugha havikupanda. Watoto walijua kutumia ile mashine, ndio, lakini kusoma hakukusogea. Sasa linganisha na Uruguay. Wao walianza 2007, mpango wao unaitwa Ceibal, na ni nchi ndogo ya watu milioni tatu na kitu kwa hivo tusijilinganishe kwa kila jambo, lakini angalia walichofanya baadaye. Waliweka chombo maalum cha kusimamia, wakaweka mahali pa kutengeneza mashine zilizoharibika, na walipoona hawana walimu wa Kiingereza wa kutosha kwa shule za msingi, kuanzia 2012 wakawa wanamleta mwalimu kwa video kutoka mbali, huku mwalimu wa darasa yuko pale pale na watoto. Yaani walikuwa na shida yenye jina, hatuna walimu wa Kiingereza, alafu kifaa kikaja kwa ajili ya hiyo shida. Na mpango umebaki hai serikali zikibadilika.

Kwa hivo rudi kwa shule yako. Tangu 2023 junia, yaani gredi ya saba mpaka ya tisa, imekaa ndani ya shule za msingi, na najua wengi wenu mnafundisha masomo ambayo hamkusomea, mwalimu wa historia anapewa sayansi manake hakuna mwingine, na maabara hakuna. Mimi ningekuwa wewe, ningeomba kitu cha kutatua hapo kwanza. Chumba cha kompyuta 20 kwa shule yenye mikondo mitatu ya watoto 50, piga hesabu, kila mtoto atakiingia mara ngapi kwa muhula? Alafu chumba kinarudi kuwa na kufuli na msimamizi, tunarudi kule kule stoo.

Maoni yangu, na si lazima ukubaliane nayo, ni kwamba kwa vile vitu vyote vya 2016 kile kilichosaidia zaidi ni projekta na laptopu ya mwalimu. Nilimuona mwalimu wa sayansi akionyesha moyo unavyosukuma damu ukutani, kwa shuka nyeupe iliyopigwa misumari, watoto 70 wametulia tuli, na alitumia laptopu moja na stima ya saa moja. Kifaa kimoja kikiharibika ni kimoja cha kutengeneza. Na anayekitumia ni mtu mzima ambaye alilipanga somo jana usiku.

Na hapo kwa jana usiku ndo naomba uandike kwa herufi kubwa. Mafunzo ya walimu yamekuwa ya siku chache za likizo, mtu anafundishwa kuwasha na kuzima, alafu anarudi shule na vipindi vyake viko vile vile, hakuna hata saa moja ya wiki ya kuandaa. Omba muda. Saa mbili kwa wiki kwenye ratiba za mwalimu mmoja wa kila shule, za kusaidia wenzake na kuangalia vifaa, zingeleta tofauti kuliko kontena nzima la kompyuta. Hiyo inagharimu walimu zaidi, najua, na ndio maana haipendwi na waandika mikakati.

*Mwalimu, shule ya mtoto wangu imetuambia tujaze programu ya simu, jina lote, namba ya cheti cha kuzaliwa, picha, na picha za watoto wanaziweka pia Facebook ya shule. Niko na haki ya kukataa?*
*Baba, Mombasa*

Unayo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inasema taarifa za mtoto hazitumiki bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yawe kwa faida ya mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, kwa hivo hii sio sheria ya kwenye karatasi tu. Andikia shule kwa upole, uliza data inakaa wapi, kampuni ya hiyo programu inaitumia kwa nini, na mtoto akihama inafutwa au inabaki. Picha unaweza kukataa huku ukikubali yale ya lazima kama matokeo na karo. Na kwa vile mkakati unaandikwa upya, tuma hii barua yako pia kama maoni, manake mipango yetu yote ya zamani ilijali kufuli ya mlango na haikujali kufuli ya jina la mtoto.

*Mwalimu, niko chuo cha ualimu mwaka wa mwisho, nyumbani ni Lamu. Kila mtu anaongea akili unde, mimi naona mkakati mpya uweke hiyo mbele kabisa tusiachwe nyuma tena. Wewe waonaje?*
*Mwalimu mtarajiwa*

Hongera kwa kufika mwaka wa mwisho. Hiyo akili unde, ambayo ndugu zetu Tanzania wanaiita akili mnemba, serikali imeshaizindulia mkakati wake Machi 2025, wa mpaka 2030, kwa hivo haitaachwa nje. Na najua itamsaidia mwalimu, hata sasa kuna wanaotunga mazoezi nayo kwa dakika tano, vizuri, bora wayasome kabla hawajayapeleka darasani.

Lakini wewe ni wa Lamu, kwa hivo nitakuuliza kuhusu 2020. Shule zilifungwa Machi, watoto wengi wakakaa nyumbani mpaka Januari 2021. Ni kitu gani kilifika visiwani? Ilikuwa redio. Vipindi vya taasisi ya mtaala, KICD, kwenye redio ya KBC, na kwa wenye tivi ile chaneli ya elimu, na waliokuwa na bando wakaona YouTube. Mwaka huo huo Julai, ng'ambo ya pili ya nchi, yalirushwa yale mabaluni ya kampuni ya Loon ya kuleta intaneti, mabaluni kama 35 hivi yakielea juu kabisa, yakifunika eneo la karibu kilomita mraba 50,000 za magharibi na kati ya Kenya. Tuliyafurahia sana. Januari 2021 mwenye kampuni akatangaza anafunga, hayalipi. Redio ilikuwepo kabla yake na ikabaki baada yake.

Kwa hivo mimi sikatai akili unde. Nataka kila kitu kinachowekwa kwenye mkakati kiulizwe kwanza, mtandao ukikatika wiki nzima somo linaendelea? Na mwenye nacho akiondoka nani anabaki nacho? Akili unde nyingi za sasa zinataka intaneti ya kila dakika na bando la mwalimu mwenyewe, na shule ya kwenu huko Pate au Faza hilo unalijua kuliko mimi. Kama kuna inayofanya kazi bila mtandao, inayojua Kiswahili cha darasani vizuri, ijaribiwe shule chache kwa mwaka mzima, ipimwe na watu ambao hawaiuzi, alafu tuongee.

Mpaka hapo, kuna njia ambayo walimu wengi wa visiwani wanaitumia na haimo kwenye ripoti yoyote. Ukipita mjini pakua masomo ya KICD kule kwenye hifadhi yao ya mtandaoni, weka kwenye flashi, vuka nayo kwenye boti kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na ufungue kwa laptopu ya shule. Ukienda mafunzo ya vitendo muhula ujao ijaribu, uandike kila wiki ni somo gani ulilitumia na ni siku ngapi stima ilikuwepo, alafu uniletee hapa hapa kwenye safu, nitaichapisha yote.